Polisi wa kutuliza ghasia si walimu wa nidhamu

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

WANAFUNZI wa bweni wanapogoma kula, wakavunja vioo vya bwalo na kukaidi amri ya mwalimu wa zamu, mkuu wa shule huwa na dakika chache za kuamua ampigie nani simu. Mara nyingi simu hiyo huenda kwa ofisa elimu, naye humweleza mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Mkuu wa wilaya humgeukia mkuu wa polisi wa wilaya, yaani OCD, na muda si mrefu gari la polisi huwa limesimama getini. Katika mnyororo huo wako watu ambao hawakuulizwa lolote: mwenyekiti wa bodi ya shule, mwalimu wa malezi, ofisa ustawi wa jamii na mzazi.

Si rahisi kumlaumu mkuu wa shule anayechagua njia hiyo. Akichelewa na bweni likaungua, ataulizwa kwa nini hakutoa taarifa mapema. Akiita polisi na mwanafunzi akavunjwa mkono, lawama itagawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba fungu lake litakuwa dogo. Utaratibu wenyewe wa uwajibikaji unamsukuma kwenye nguvu.

Katika mkoa wa Songwe suala hili lina uzito wake. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,344,687. Mji wa Tunduma, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu wasiofikia 100,000, miaka kumi baadaye ulikuwa umevuka 200,000. Mtoto anayetoka Sogea, Majengo au Makambini kwenda shule hupita kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, vijiwe vya bodaboda, wabadilishaji wa kwacha na nyumba za wageni. Akitaka kutoroka, Nakonde ni hatua chache kutoka mahali aliposimama. Wapo pia wanaotoka vijiji vya mbali na kupanga vyumba karibu na shule, wakijipikia na kujilea wenyewe wakiwa na miaka 14 au 15. Utovu wa nidhamu wa mtoto wa namna hiyo huanzia mbali na uzio wa shule, lakini adhabu yake humngoja ndani ya uzio huo.

Mfano ulio karibu zaidi wa jinsi dola inavyoweza kuingia shuleni kwa kishindo ulitokea mkoa jirani, katika Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya. Mwanzoni mwa Oktoba 2019 mabweni mawili ya shule hiyo yaliungua. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, alifika shuleni hapo na kuwachapa viboko hadharani wanafunzi 14 waliotuhumiwa kukutwa na simu za mkononi kinyume cha kanuni za shule. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waliamriwa kwenda nyumbani na kurudi na fedha za kufidia hasara. Picha zilisambaa nchi nzima. Ndani ya siku chache, Rais John Magufuli, aliyekuwa ziarani Nyanda za Juu Kusini, alimpongeza hadharani na kusema viboko alivyowachapa vilikuwa vichache.

Mjadala uliofuata uligawanyika pande mbili zinazojulikana, waliosema watoto wa siku hizi wamedekezwa na waliosema haki za binadamu zimekanyagwa. Kilichopotea katikati ya makelele hayo ni swali ambalo mpelelezi yeyote angeanza nalo: nani alichoma mabweni, na kwa nini? Kumiliki simu ni kosa la kanuni za shule. Kuchoma bweni ni jinai nzito ambayo inaweza kuua. Makosa hayo mawili yalipochanganywa kwenye uwanja mmoja, wenye simu waliadhibiwa mbele ya kamera, wasio na simu wakabebeshwa fidia pamoja na wote, na umma ukaachwa na picha ya viboko.

Kwa upande wa sheria, jambo hilo halihitaji tafsiri ndefu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002, zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi kwa kila tukio. Viboko havizidi vinne. Vinachapwa mkononi au matakoni juu ya nguo, na msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu huandikwa kwenye daftari maalumu, likionyesha jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Mkuu wa mkoa hamo. Mkuu wa wilaya hamo, na askari polisi vilevile hamo.

Mtu anaweza kusema, na wengi husema, kwamba kanuni hizo zenyewe zimepitwa na wakati na fimbo ingepaswa kuondoka kabisa. Hoja hiyo ina nguvu. Februari 2025 taifa liliomboleza mwanafunzi wa kidato cha pili wilayani Busega, mkoani Simiyu, aliyefariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu. Mwaka 2016, katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya, walimu waliokuwa katika mafunzo ya vitendo walinaswa kwenye video wakimshambulia mwanafunzi mmoja kwa ngumi, mateke na fimbo ndani ya ofisi, na safari hiyo polisi walitumwa kuwatafuta walimu. Lakini hata anayeitetea fimbo anapaswa kukiri kwamba kanuni zake ziliandikwa ili kuibana, iwe mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana na anayetia saini. Nguvu inayokuja na gari la polisi haina daftari la aina hiyo shuleni.

Polisi wanapoitwa kwenye vurugu, huja na kile walichofundishwa kutuliza vurugu. Kikosi cha kutuliza ghasia, FFU kwa jina lililozoeleka, kimeandaliwa kukabiliana na umati wa watu wazima: kuusambaza, kuwakamata vinara, kufungua barabara. Tunduma inakijua kikosi hicho. Aprili 2013, mgogoro wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama uliugeuza mji huu kuwa uwanja wa mapambano, na mabomu ya machozi yalipigwa mitaani. Barabarani umati una pa kukimbilia. Kwenye shule ya bweni hakuna. Ukifyatua bomu la machozi kwenye uwanja uliozungukwa na uzio wenye geti moja, watoto mia tano watakimbilia mlango huohuo mmoja, usiku, wengine wakiwa pekupeku. Katika hali hiyo moshi unaweza kuumiza wachache kuliko watakaoumizwa na msongamano.

Kanuni ya Adhabu, sheria kongwe ya jinai, inahesabu mkusanyiko wa watu watatu au zaidi wenye nia ya kuvunja amani kuwa mkusanyiko usio halali. Kwa kipimo hicho, darasa lolote la kidato cha tatu linaloimba nyimbo za kumkejeli mkuu wa shule linaweza kutazamwa na ofisa mwenye haraka kama jinai. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai nayo inasema polisi asitumie nguvu kubwa kuliko inayohitajika kumkamata mtu, wala asimdhalilishe kupita kinachohitajika. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachostahili kutangulia shuleni, kwa kuwa wengi wanaokabiliwa ni watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18.

Majirani wa Kenya walijifunza hayo kwa aibu. Januari 19, 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizo na kukuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Waliandamana na kuuangusha. Polisi waliwarushia mabomu ya machozi watoto waliovaa sare, wengine wa umri wa miaka minane, na baadhi yao wakapelekwa hospitali. Picha zilizunguka dunia. Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, aliomba radhi, na ofisa aliyekuwa akisimamia operesheni hiyo akasimamishwa kazi. Ardhi ilirudishwa shuleni. Hapo ndipo penye funzo: watoto waliotendewa kama wahuni walikuwa na hoja, na serikali yenyewe ilikubali kwamba walikuwa nayo. Kama kuna mtu angewasikiliza wiki moja kabla, ukuta ungeweza kuondolewa bila mtoto hata mmoja kukohoa moshi.

Kenya hiyohiyo hutajwa pia na wanaoamini kwamba fimbo na polisi ndiyo dawa. Wanasema shule zilianza kuungua baada ya viboko kupigwa marufuku mwaka 2001. Tarehe haziwaungi mkono. Mkasa wa St. Kizito, Meru, ambako wavulana waliogoma walivamia bweni la wasichana na wasichana 19 wakapoteza maisha, ulitokea Julai 1991. Viranja wanne wa Shule ya Sekondari ya Nyeri walichomwa moto usiku wakiwa vyumbani mwao Mei 1999. Wakati huo fimbo ilikuwa halali, na ilikuwa ikitumika.

Mkasa mkubwa kuliko yote, wa Kyanguli wilayani Machakos, ulitokea Machi 26, 2001, siku chache tu baada ya marufuku hiyo kutangazwa. Wavulana 67 waliteketea bwenini. Manung'uniko ya wanafunzi juu ya ada na matokeo ya mtihani yaliyofutwa yalikuwa yakisikika shuleni hapo. Mwaka huohuo jopo la serikali lililoongozwa na Naomi Wangai lilichunguza migomo na machafuko shuleni, na miongoni mwa mambo liliyoyaona ni kwamba wanafunzi hawakuwa na njia ya kufikisha malalamiko yao, na huduma ya ushauri nasaha ilikuwa dhaifu. Ni jambo la kusikitisha kwamba robo karne baadaye sentensi hiyo ingeweza kuandikwa juu ya shule nyingi za ukanda huu bila kubadilishwa neno.

Kwa upande mwingine, itakuwa ni kujidanganya kusema polisi hawana kazi shuleni. Anayechoma bweni, anayembaka mwenzake, anayeingiza bangi kwa ajili ya kuuza au anayemchoma mwalimu kisu ametenda jinai, na kuificha jinai hiyo kwa jina la shule ni kuwasaliti wanafunzi wengine. Kuna shule ambazo zimezima mashauri ya ubakaji ofisini kwa kuwapatanisha wazazi. Hizo zilipaswa kuita polisi na hazikuita. Kwa hiyo linalostahili kujadiliwa ni polisi yupi aje, lini, na kwa kazi gani. Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto, na katika miaka ya karibuni limepeleka wakaguzi wake hadi ngazi ya kata. Mkaguzi wa kata anayefahamika shuleni kwa jina, aliyewahi kuzungumza na wanafunzi kwenye paredi siku ambayo hakukuwa na tatizo, anaweza kuingia bwaloni akiwa na daftari na kalamu. Hilo ofisa wa FFU hawezi, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Tena uchunguzi hutangulia adhabu kwa sababu nyingine iliyo wazi. Si kila moto ni wa mkono wa mhalifu. Agosti 2009 bweni la Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa liliungua na kuua wasichana 12. Chanzo kilikuwa mshumaa. Mwenye mamlaka anayefika kwenye majivu na fimbo mkononi tayari ameshatoa hukumu.

Kati ya karipio la mwalimu wa zamu na king'ora cha polisi, sheria za Tanzania zimeweka ngazi kadhaa ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Kuna serikali ya wanafunzi, ambayo katika shule nyingi imebaki kuwa jeshi dogo la kuwasaidia walimu kuandika majina ya wachelewaji. Kuna bodi ya shule, ambayo kwa kanuni za mwaka 2002 za kufukuza na kusimamisha wanafunzi ndiyo yenye nafasi ya kusikiliza shauri kabla mtoto hajapoteza masomo. Kuna mwalimu wa malezi na ushauri. Kuna ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoanzishwa chini ya mpango wa taifa wa mwaka 2017 wa kutokomeza ukatili. Kwenye karatasi, mtoto mkorofi wa Tunduma ana watu wengi wa kuzungumza naye.

Hali halisi ni nyingine. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ilijaza madarasa, na ilistahili kuyajaza, lakini mwalimu wa malezi alibaki yuleyule mwenye vipindi vyake vyote vya kawaida, rundo la madaftari ya kusahihisha na ofisi anayochangia na wenzake watano. Mwanafunzi hawezi kusema baba amerudi na mke wa pili, au dereva fulani wa lori humsubiri jioni, mbele ya walimu watano. Atanyamaza, kisha atatoroka, kisha ataandikwa jina. Bodi za shule hukutana kwa nadra na mara nyingi kwa ajili ya michango na majengo. Nidhamu huja kama dondoo la mwisho kabla ya mengineyo. Ikiwa Halmashauri ya Mji wa Tunduma inatafuta pa kuanzia, chumba kimoja chenye mlango unaofungwa na mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi katika kila sekondari ni mwanzo wa maana kuliko semina ya siku mbili hotelini.

Chakula nacho kisidharauliwe. Maharage yenye wadudu, maji yaliyokatika siku tatu, matroni anayewatukana wasichana wakiwa hedhini: hayo ni mambo ambayo mkuu wa shule huweza kuyajua Jumatatu na kuyamaliza Jumatano, kama kuna kikao ambacho mwanafunzi anaweza kuyasema bila kuitwa mchochezi. Yakiachwa, hufika Ijumaa usiku yakiwa yamekuwa mawe kwenye bati.

Wanaolipia kosa la kuruka ngazi hizo ni watoto, na bei yake haiishi na kidonda. Kwa Kanuni ya Adhabu, mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alitambua alitendalo ni kosa. Aliyezidi hapo anaweza kushitakiwa, lakini Sheria ya Mtoto inataka asichanganywe na watu wazima, ashughulikiwe na Mahakama ya Watoto, na asihukumiwe kifungo gerezani. Mahabusi ya watoto iliyo karibu iko Mbeya, kama kilomita 100 kutoka Tunduma. Mbeya ndiko iliko pia Irambo, shule ya maadilisho ya serikali. Wanafunzi 30 wakikamatwa kwa pamoja usiku wa vurugu, nani atawapeleka huko, kwa gari gani, na watalala wapi hadi asubuhi? Mkuu wa wilaya anaweza kutumia mamlaka ya kuwaweka watu kizuizini hadi saa 48 chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, lakini mamlaka hayo hayaongezi vyumba kwenye kituo cha polisi.

Suala la vijana na dola lilichukua sura nzito zaidi baada ya Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, miji kadhaa ya nchi, Tunduma ikiwamo, ilipokumbwa na machafuko. Novemba 14 mwaka huo, akilihutubia Bunge la 13 wakati wa kulifungua, Rais Samia Suluhu Hassan alivitaka vyombo vinavyohusika na mashitaka kuwaangalia kwa huruma vijana waliofuata mkumbo bila kujua walitendalo. Ikiwa mkuu wa nchi anaona kwamba hata katika mazingira mazito kama yale kijana anaweza kuwa amefuata mkumbo, ni vigumu kueleza kwa nini mwanafunzi wa miaka 15 aliyerusha jiwe kwa sababu wenzake wote walirusha atendewe kama kinara wa uasi.

Kila Juni 16 wanafunzi hupangwa mistari uwanjani kwa ajili ya Siku ya Mtoto wa Afrika, wakisikiliza risala na kuimba ngonjera mbele ya mgeni rasmi, na kamanda wa polisi huwa miongoni mwa wageni wa meza kuu. Si wote wanaokumbushwa kwamba siku hiyo, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1991, inatokana na wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi na polisi mwaka 1976 walipoandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaana.

Mjini Tunduma na wilaya ya Momba kwa jumla, maandalizi ya kuepuka usiku wa namna hiyo ni kazi ya alasiri moja. Mkuu wa wilaya, OCD, ofisa elimu, ofisa ustawi wa jamii na wakuu wa shule wakae meza moja na kuandika orodha ya simu: kosa gani linaishia kwa mwalimu wa nidhamu, lipi linakwenda kwenye bodi, lipi linamwita mkaguzi wa kata, na lipi, kwa saini ya nani, linaruhusu askari wenye silaha kuvuka geti la shule. Orodha hiyo ibandikwe ukutani katika ofisi ya mkuu wa shule, kando ya ratiba ya vipindi, mahali ambapo hata mwalimu wa zamu anayebaki peke yake usiku ataiona.